Chamburo, Seng'enge na Jembe la Bumbuli

Siku ya gulio Bumbuli, katikati ya mafungu ya viazi, maharage na ndizi, hakosi mtu aliyetandaza majembe, mapanga na visu chini kwenye gunia. Mengine yametoka kiwandani, yana rangi na nembo. Mengine ni meusi, yana alama za nyundo, na ukiuliza utaambiwa ni springi ya gari hiyo, imefuliwa hapa hapa. Watu wengi wanaulizia bei, wanapunguziwa kidogo, wanaondoka. Jembe lenyewe lina historia ndefu kuliko barabara ya Soni. Ni ndefu kuliko hata ufalme wa Wakilindi.

Ni historia ya tabia moja ya madini: kukubali kuvutwa na kupigwa, yabadilike umbo, bila kukatika.

Kiswahili hakina shida kabisa na jambo hili. Tunasema vuta, vutika, fua, fulika, kunja, kunjika, vunja, vunjika. Kile kipande kidogo cha mwishoni kinabeba somo zima. Shaba inavutika ikawa uzi. Chuma cha moto kinafulika kikawa bapa. Kioo kinavunjika tu. Na kuna neno moja ambalo kila nikilitaja watu wananitazama kama nimelitunga: *chamburo*. Limo kwenye kamusi, ikiwemo ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Chamburo ni kipande cha chuma chenye matundu, kila tundu jembamba kuliko lililotangulia. Fundi anachonga ncha ya waya mnene, anaipitisha kwenye tundu, anaivuta upande wa pili. Waya unatoka mwembamba zaidi na mrefu zaidi. Kisha tundu linalofuata, na linalofuata. Kilichotoka mwishoni kiliitwa *udodi* au *nyerere*, uzi mwembamba wa chuma, shaba au shaba nyeupe, wa kufanyia mapambo.

Sasa jiulize. Lugha haihifadhi jina la kifaa ambacho hakuna aliyekitumia. Waliolihitaji neno hilo walikuwepo, na kazi yao ilikuwepo.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1967 mwanaakiolojia Robert Soper alichapisha taarifa za maeneo ya kale ya zama za chuma kaskazini mashariki mwa Tanzania, yakiwemo ya Usambara na Upare. Vigae vya vyungu vilivyopatikana ni vya aina inayoitwa Kwale, kwa jina la mahali pale Kenya ambapo ilitambuliwa kwanza, na umri wake ni wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Maana yake watu waliojua chuma walikuwa wakilima milima hii zaidi ya miaka elfu moja kabla Mbegha hajafika na mbwa wake na mikuki yake kugawa nyama ya nguruwe. Hata hiyo simulizi ya Mbegha, ukiitazama vizuri, ni simulizi ya mtu mwenye chuma kizuri.

Lakini jina kubwa la chuma upande huu ni Upare, ng'ambo ya bonde. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, alieleza habari za Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi uliokuwa na madaraka kabla Wasuya hawajauangusha. Baada ya kunyang'anywa utawala, Washana waliendelea na uhunzi. Mpaka leo ukikutana na mtu anaitwa Mshana, iwe Same au Kariakoo, jina lake lina harufu ya mkaa. Chuma cha Ugweno kilikwenda hadi Uchagani, ambako wahunzi walikigeuza mikuki na mikufu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Malighafi ilikuwa mchanga mweusi, ule unaorukia sumaku, uliokusanywa kwenye vijito baada ya maji kuondoa mchanga mwepesi. Ukawekwa kwenye tanuri pamoja na mkaa, mifuo ikavukutwa saa nyingi. Chuma hakikuyeyuka kikatiririka kama uji. Kilichotoka ni bonge lenye matundu, nusu chuma, nusu taka. Hapo ndipo nyundo ilipoingia: kupasha moto, kupiga, taka zikaruka kama cheche, kupasha tena, kupiga tena. Bonge la asubuhi likawa mche wa jioni.

Siri ya mche huo kukunjika bila kupasuka ni kaboni. Mkaa unatoa moto, lakini pia unaingiza kaboni ndani ya chuma. Ikiwa kidogo sana, chuma ni laini, kinavutika vizuri ila makali yake hayakai. Ikiongezeka kiasi, unapata chuma kigumu cha kuweka makali. Ikizidi asilimia 2 hivi, unapata chuma cha sufuria nzito: ukikipiga nyundo, kinapasuka. Mhunzi hakuwa na mizani ya kaboni. Alikuwa na jicho la kutazama rangi ya moto, sikio la kusikiliza mlio wa fuawe, na mkono ulioona tofauti.

Alijua pia jambo jingine ambalo leo ni mada ya chuo. Ukifua madini yakiwa baridi, yanakuwa magumu na makaidi. Ndani yake kuna matabaka ya chembe yanayoteleza moja juu ya jingine, na kadiri unavyopiga ndivyo yanavyokwamana. Ukiendelea kwa nguvu, yanakatika. Dawa ni kuyarudisha motoni yawe mekundu, yapoe, kisha uendelee. Mvuta waya kwenye chamburo alilazimika kufanya hivyo kila baada ya matundu machache. Kwa hiyo kuvutika ni sifa ya madini, sawa, lakini bila mtu wa kujua lini kupumzisha, sifa hiyo haifiki popote.

Halafu ikaja biashara ya pwani. Burton na Speke walipopanda Vugha mwaka 1857 kumwona mzee Kimweri ye Nyumbai, misafara ya bara ilikuwa ikibeba vitu vitatu vikubwa: nguo, shanga na waya. Waya wa shaba Burton aliuandika kwa jina lake la sokoni, *masango*, na vikuku vyake *vitindi*. Joseph Thomson alipokwenda Umasaini mwaka 1883 alibeba *seng'enge*, waya wa chuma, kwa sababu bila huo mazungumzo yasingekwenda. Njia ya misafara ilipita chini ya milima hii, bonde la Pangani, na Semboja, mtoto wa Kimweri, alikaa Mazinde akiisimamia akiwa na bunduki zake.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka, na wengi tunapaona vibaya. Tunadhani waya ule ulikuwa wa urembo tu, kwamba babu zetu walidanganywa na vitu vya kung'aa. Hapana. Waya wa chuma uliovutwa na mashine za Ulaya ni chuma safi, laini, kisicho na taka, tayari kufuliwa. Mhunzi wa Uchagani aliunganisha vipande vya waya huo motoni, akavifua pamoja, akatoa mkuki mrefu wa Mmasai. Kwa maneno mengine, alinunua malighafi. Aliruka siku nyingi za mchanga, mkaa na mifuo. Ni hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote angeipiga.

Serikali za kikoloni nazo zilipokuja na nyaya za simu na reli, watu waliziona kwa macho hayo hayo. Kule Kenya, Wanandi waliopambana na Waingereza mpaka Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905 walijulikana kwa kukata nyaya za simu na kuzifanya mapambo na silaha. Kwa ofisa ule ulikuwa wizi. Kwa mhunzi, jirani alikuwa amening'iniza mali mitini. Upande wetu reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Treni ikaleta majembe ya Ulaya kwa wingi, na tanuri za Upare zikapoa moja baada ya nyingine.

Zilipoa kwa sababu ya bei na kwa sababu ya mkaa, ambao ni msitu. Ujuzi ulikuwepo. Ushahidi uko Kagera: mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao na wazee wa Kihaya, ambao walikuwa wamekaa miaka mingi bila kuyeyusha chuma, wakajenga tanuri upya na likatoa chuma. Wataalamu wakabishana kuhusu kiwango cha joto na namna hewa ilivyopashwa. Hakuna aliyebisha kwamba wazee wale walijua wanachokifanya.

Kwa hiyo tulichopoteza ni kuyeyusha. Kufua hakujafa. Fundi wa Bumbuli anayechukua springi ya lori anafanya kazi ngumu kuliko inavyoonekana, maana chuma cha springi kina kaboni ya kutosha na kimetengenezwa kirudi, si kikunjike. Lazima akilegeze motoni kwanza, akifue, kisha akiimarishe tena kwa kukizamisha na kukipasha kidogo. Akikosea, panga linakatika mkononi mwa mtu kwenye mteremko. Anayekunja nondo za nyumba naye anategemea tabia ile ile: nondo nzuri ikizidiwa inapinda kwanza, inakupa muda wa kukimbia. Mbovu haikuagi.

Mtoto wa fundi huyo akifika sekondari atakariri jina la tabia hii kwa Kiingereza ili ajibu mtihani, na hakuna atakayemwambia kwamba baba yake anaijua kwa mikono. Hatasikia chamburo, wala udodi. *Nyerere* atalijua kama jina la Mwalimu tu. Hilo linaniuma kuliko tanuri zilizopoa, kwa sababu tanuri lilizimwa na soko, lakini maneno tunayazima wenyewe.

Wazee wetu walisema udongo uwahi ungali maji. Kama nyumbani kwenu, Bumbuli, Mlalo, Usangi au popote, kuna mzee aliyevukuta mifuo au aliyemwona babu yake akivuta waya, kaa naye. Muulize kila kifaa kiliitwaje, kwa Kishambaa, Kipare au Kigweno, na moto ulikuwa wa rangi gani kabla ya nyundo. Andika kama alivyosema.