Mwalimu wa Ushongo na Sheria za Mshahara Wake

Mwaka 1922, pale Tanga mjini, watumishi wa serikali Waafrika waliunda chama chao cha kwanza katika Tanganyika, kikajulikana kwa herufi za TTACSA. Kiongozi wake alikuwa Martin Kayamba, karani aliyesoma Kiungani, Unguja, na baba yake alikuwa mwalimu wa misheni ya UMCA. Makarani na walimu, Wakristo kwa Waislamu, walikaa pamoja wakajadili hali yao ya kazi. Inafaa Watanga wakumbuke hilo. Hoja ya kuwa anayeitumikia serikali ana haki ya kuiuliza serikali juu ya hali yake ilipata chama katika mji wetu, miaka saba kabla ya African Association kuzaliwa Dar es Salaam.

Shule ya serikali nayo ilianzia hapa. Mapema miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule Tanga, wakiwa wametoka kuyazima mapigano ya pwani na kumnyonga Abushiri, aliyeyaongoza, pale Pangani Desemba 1889. Walitaka makarani, wakalimani na maakida, na waliowafundisha walilipwa kutoka hazina ya koloni. Huko vijijini, kusini ya mto Pangani, mwalimu aliyejulikana alikuwa wa chuoni, wa kusomesha Kurani. Yeye alikula kwa ada ndogo za wazazi, samaki wa wavuvi na nazi za mashamba.

Waingereza walipoandika sheria ya elimu ya Waafrika mwaka 1927, walifungua mlango wa ruzuku. Shule ya misheni iliyosajiliwa, yenye mwalimu mwenye cheti, ilipewa fedha za serikali za kusaidia mshahara wake. Hapo ndipo pwani ilipoanza kuachwa nyuma kwa maandishi. Fedha ilifuata misheni, na misheni zilistawi Magila, Korogwe na Usambara. Vijiji vya Waislamu vya ufukweni havikuwa na shule za namna hiyo, na chuo cha Kurani hakikuhesabiwa. Watu wengi bado wanasema watu wa pwani hawakupenda shule. Mimi naona maneno hayo yanaificha sheria yenyewe: kijiji kisicho na misheni, na kilicho mbali na shule ya serikali, kingepata wapi mwalimu wa kulipwa?

Hata ndani ya misheni walimu hawakuwa sawa. Masharti ya mwalimu wa misheni yalikuwa duni kuliko ya mwenzake wa serikali, ingawa wote waliwafundisha watoto kusoma na kuhesabu. Uhuru ulipokuja, jambo hilo lilishughulikiwa mapema. Sheria ya 1962 iliunda Utumishi wa Walimu wa pamoja, ikawaweka wa serikali na wa misheni chini ya masharti mamoja. Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitwaa shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Kwa maoni yangu, sheria ya 1962 ndiyo iliyomheshimu mwalimu kuliko zote zilizofuata, kwa kuwa ilianza na swali la haki yake ndipo ikaja kwenye nidhamu yake.

Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974. Chama cha TANU kiliamua kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, na ada ya msingi ilikuwa imekwisha kufutwa 1973. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa vijijini huku wakifundisha, na mpaka leo watu wanawaita "walimu wa UPE", yaani wa elimu ya msingi kwa wote, wengine kwa kejeli wasiyostahili. Hao ndio waliosimama mbele ya madarasa ya vijiji vingi vya Pangani wakati hakuna mwingine aliyekubali kuja. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1980 mishahara yao ililiwa na bei za vitu, na michango ya wazazi ikarudi.

Baada ya hapo sheria zilibadilisha zaidi mlango wa ofisi. Mwaka 1989 Bunge liliunda Tume ya Utumishi wa Walimu. Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ikaiondoa, mambo ya walimu yakawa idara ndani ya tume ya watumishi wote. Sheria Na. 25 ya 2015 ikairudisha. Leo jalada la mwalimu, kupandishwa kwake daraja na mashauri yake ya nidhamu yako kwenye tume hiyo. Shule yake iko chini ya halmashauri, halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, na mshahara unatoka Hazina. Mwenye madai ya uhamisho au ya likizo anajua maana yake: huku anaambiwa nenda kule.

Ushongo ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Kijiji kiko ufukweni, kusini ya Pangani mjini, nyuma yake minazi na mashamba ya mkonge. Mwalimu anayefuata mambo yake wilayani hupanda bodaboda kama kilomita 15 za barabara ya vumbi hadi Bweni, akasubiri kivuko, ndipo avuke mto. Masika barabara inageuka tope. Jalada likiwa na karatasi moja pungufu, anarudi alivyokuja, na safari nzima anairudia siku nyingine. Nauli ni yake, na siku hiyo darasa lake linabaki kwa mwenzake, kama yupo. Simu na mawakala wa benki wamempunguzia safari ya kufuata fedha, na hilo ni jambo la kushukuru. Safari ya kufuata haki ingali pale pale.

Ndiyo maana madai ya Chama cha Walimu Tanzania ya mwaka 2012 yasisahauliwe. Walimu waligoma tarehe 30 Julai. Walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho za kufundishia, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikaamua kwamba mgomo si halali, walimu wakarudi madarasani. Magazeti yalipiga kelele juu ya ile asilimia 100. Ile 30, iliyomhusu mwalimu wa ng'ambo ya mto, ilipita kimya.

Tangu hapo yapo yaliyofanyika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 serikali ikawa inapeleka ruzuku moja kwa moja shuleni. Kiwango kilichowekwa kwa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Mei Mosi 2025, Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni hatua kubwa. Lakini kima cha chini ni kimoja, kwa anayeishi karibu na benki na hospitali na kwa asiyekuwa karibu na chochote.

Wabunge wa Tanga, na hasa wa Pangani, tunawaomba mlichukue hili. Posho ya mazingira magumu na nyumba ya mwalimu viandikwe ndani ya sheria yenyewe, kwa viwango na kwa tarehe ya kulipwa, visiachwe kwenye nyaraka zinazobadilika kila anapokuja waziri mpya. Sheria ya 1962 ilionyesha kwamba Bunge likiamua, linaweza.