Maji ya Juu, Maji ya Chini

Mabwawa mengi ya samaki Kakamega yalichimbwa kuanzia 2009, Serikali ilipoanzisha mpango wa mabwawa 200 kwa kila eneobunge lililochaguliwa.

Bwawani, jua la mchana hupasha maji ya juu. Yakiwa mepesi, huelea juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika nayo. Oksijeni hubaki juu. Chini, bakteria wanaoozesha samadi na majani humaliza ile iliyoko huko.

Kisha alasiri huja mvua ya mawe, tunayoijua vyema hapa. Maji ya juu hupoa ghafla na kuzama, yale machafu ya chini, yasiyo na oksijeni, hupanda. Alfajiri utawakuta ngege wamepanua vinywa usoni mwa maji, wakitafuta pumzi. Kambare huvumilia zaidi, maana huweza kuvuta hewa.

Ukiwaona ngege hivyo, usiwalishe: fungulia maji mapya mara moja.