Kimbunga Kitarudi Lini Lindi?

Ndugu wana-Lindi, Aprili 1952 kimbunga kiliingia kutoka baharini kikaupiga mji wetu. Waliokiona kwa macho yao wamebaki wachache. Ndiyo maana kila tunapochangisha fedha za ujenzi hakosekani anayeuliza: jambo lililotokea mara moja, tena enzi za Mwingereza, litushughulishe nini leo?

Tuangalie kumbukumbu za pwani nzima. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuangamiza merikebu za Sayyid Barghash. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya Pemba kuipita Unguja kwa karafuu. Kikafuata cha Lindi. Kisha Hidaya, Mei 2024: kilifika Mafia nguvu zikiwa zimepungua, lakini mvua zake zilikata barabara huko Kilwa, nasi tukakatiwa njia ya Dar. Hilo hakuna wa kusimuliwa.

Kati ya cha kwanza na cha pili ni miaka 80. Cha pili na cha tatu, 72. Barazani wapo waliokwishapiga hesabu kwamba kijacho basi ni mwaka 2100, wajukuu watajijua. Sivyo. Kimbunga hakiendi kwa zamu. Tukichukua wastani wa mara moja kwa miaka 75, maana yake kila mwaka uwezekano ni kama 1 kati ya 75, hata mwaka unaofuata baada ya kupigwa. Kwa jengo la kusimama miaka 30, uwezekano wa pwani hii kupigwa angalau mara moja unafika karibu theluthi.

Kweli, matukio matatu ni machache mno kwa wastani wa kutegemewa, na hayakupiga mahali pamoja. Kwa Lindi peke yake uwezekano ni mdogo zaidi. Lakini Kenneth cha Aprili 2019, kilichotua kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma, hakimo katika hesabu hiyo. Na bahari inazidi kupata joto.

Kwa hiyo katika paa la zahanati tunalolichangia mwaka huu, kamati imetenga fungu la vyuma vya kufungia kenchi kwenye lenta. Fundi anasema ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama, nayo ndiyo hukatwa kwanza michango ikipungua.