Kutoka ND kwenda GP: namba za gari la baba

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita nilisema haraka haraka kwamba baba alinunua gari Durban, likamchukua miezi mitatu kulisajili Johannesburg, halafu tukapita. Wengi mmeuliza: miezi mitatu ya nini? Si nchi moja? Ndiyo, ni nchi moja. Lakini jibu linaanzia mbali, kwa hiyo vumilieni kidogo.

Ilikuwa 2007, nina miaka 14. Tulikaa Bellevue, fleti ya gorofa ya pili, karibu na Rockey Street. Baba ni mtu wa Tanga, na biashara yake ilikuwa dagaa, vitenge na unga wa muhogo, wateja wengi wakiwa Wakongo wa mtaani kwetu. Kila mzigo aliubeba kwa teksi za abiria, akilipia viti viwili au vitatu kwa ajili ya magunia. Kwa hiyo aliposikia kuna Toyota Venture nyeupe kwenye yadi moja Durban, bei nafuu kuliko za huku, akapanda basi usiku, akarudi nayo kesho yake. Ina namba za ND. Mama akachungulia dirishani, akasema, "Baba Fulani, hili gari ni la wageni kama sisi."

Alikuwa anatania, ila alikuwa amegusa jambo. Afrika Kusini, namba ya gari inataja kwao. ND maana yake ni Natal, Durban. Zamani Johannesburg ilikuwa TJ, yaani Transvaal, Johannesburg, na Pretoria ilikuwa TP. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Transvaal ikaacha herufi za miji, ikabaki na T moja tu mwishoni. Mwaka 1994 mikoa minne ya zamani ikagawanywa kuwa tisa, Transvaal ikafutika, na sisi tukapata mkoa ulioitwa kwanza PWV na baadaye Gauteng. Hapo ndipo GP ilipotoka. Watu wa hapa wanasema GP ni Gangster's Paradise, pepo ya majambazi, na wanalisema kwa fahari kabisa. Cape Town na Durban wenyewe waling'ang'ania herufi zao za zamani. CA ipo mpaka leo, na ND imeendelea miaka mingi baada ya uhuru, hadi juzi juzi KwaZulu-Natal ilipoanza kutoa namba za ZN.

Kuna sehemu ya hadithi hii ambayo mimi sikufundishwa shuleni. Chini ya ubaguzi, serikali ilitangaza "nchi huru" nne ndani ya nchi: Transkei 1976, Bophuthatswana 1977, Venda 1979, Ciskei 1981. Hakuna taifa lingine duniani lililozitambua. Lakini zilikuwa na bendera, stempu, na namba zao za magari. Fikiria mtu anatoka Umtata na gari lake kwenda Johannesburg kutafuta kazi: kabla hajafungua mdomo, bati la nyuma limeshamwambia polisi kwamba huyu, kwa mujibu wa karatasi, ni mgeni. Sheria za pasi zilifutwa 1986 tu. Ile ya kugawa mitaa kwa rangi, ambayo ingetuzuia sisi kupanga Bellevue kihalali, ilifutwa 1991. Mimi nimezaliwa 1993.

Sasa turudi kwa baba. Sheria inampa mnunuzi siku 21 kubadilisha umiliki. Akajipanga, suruali ya pasi, faili chini ya kwapa. Dirishani wakamuuliza namba ya kitambulisho. Baba alikuwa na pasipoti na kibali, hana kile kitabu cha kijani cha wazawa. Kumbe mgeni hasajili gari kwa pasipoti moja kwa moja. Inabidi kwanza aombe namba ya usajili ya trafiki, ambayo mfumo unaitumia badala ya namba ya kitambulisho. Fomu nyingine, picha, nakala za pasipoti, na kusubiri. Yaani kabla gari halijapata namba, baba mwenyewe ilibidi apate namba.

Alipoipata, akarudi. Wakamwonyesha kwenye cheti tatizo la pili, na hili ndilo lililomuumiza kwa sababu alikuwa amelilipia. Huku kuna mwenye gari na kuna mwenye hati, nao wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Ukinunua kwa mkopo, mwenye hati ni benki mpaka umalize. Cheti alichopewa na yadi kilikuwa bado kinaitaja benki ya yule mmiliki wa kwanza. Muuzaji akipigiwa simu anasema karatasi ziko njiani. Wiki ya pili, ziko njiani. Wiki ya tatu simu haipokelewi. Mzee mmoja wa Bukavu pale chini, tuliyemwita Papa tu, akamwambia baba asikae kungoja, aende mwenyewe. Baba akapanda tena basi, kilomita kama 570, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha ofisi ya yule bwana tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hakugombana. Alikuwa na chupa ya chai. Akarudi na hati.

Mungu si Athumani, tukasema, yameisha. Ilikuwa Aprili 2007. Mnaokumbuka mwezi ule mtacheka. Serikali ilizima mfumo wa zamani wa usajili wa magari na kuwasha mpya, eNaTIS, nchi nzima kwa mpigo. Mfumo ukazidiwa. Ofisi zikawa na foleni zinazozunguka jengo, na watu wakifika dirishani wanaambiwa mtandao umekufa, rudini kesho. Ilikuwa habari ya gazeti kila siku. Nilimsindikiza baba mara mbili likizoni. Mara ya pili tulifika kabla jua halijatoka, tukaondoka saa nane mchana bila kitu. Kwa mara ya kwanza niliona foleni ambayo Mzulu, kaburu, Mhindi na baba yangu wote walikuwa hawana la kufanya. Baba alifurahi kidogo siku ile, nadhani.

Ila kaburu na Mhindi wakisimamishwa barabarani walikuwa wanaeleza kwa Kiingereza safi kwamba mfumo umekwama. Sisi tulisimamishwa Louis Botha Avenue, askari akaangalia ND, akaangalia uso wa baba, akauliza gari hili umelipata wapi. Baba akatoa faili. Askari hakulifungua, akataka ya soda. Baba akatoa. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma juu ya magunia, na hatujawahi kulizungumzia mpaka mwaka jana.

Wakati wote huo cheti cha ukaguzi wa ubora wa gari, ambacho ni cha siku 60, kikaisha muda. Kukagua upya, kulipa upya. Mwanzoni mwa Juni likasajiliwa.

Msidhani ni mambo ya huku tu. Ami yangu Dar aliwahi kununua gari Zanzibar, lenye namba ya Z. Alipolivusha bara akatakiwa alipe tofauti ya ushuru kwanza, ndipo apate namba ya T. Suala hilo limekuwa kwenye orodha ya kero za Muungano miaka nenda rudi. Baba alipomweleza ya Durban kwenye simu, ami akacheka sana.

Hizo GP tulizifunga wenyewe, baba ameshika bati, mimi nashika bisibisi. Akanionyesha stika ya kioo cha mbele. Ina namba mbili: ile ya bati, inayobadilika ukihama mkoa, na nyingine ya rejista, ambayo gari linabaki nayo tangu liandikishwe mpaka life. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2008, fujo za kuwafukuza wageni zilianza Alexandra, na zaidi ya watu 60 wakauawa nchini kabla hazijatulia. Usiku wa tatu baba aliondoa viti vya nyuma, akaenda upande wa Jeppe, akarudi na familia mbili za wateja wake pamoja na magodoro yao. Alipita vizuizi viwili. Mama alimuuliza hakuogopa? Akasema watu wa barabarani walimulika bati kwa tochi, wakaona GP, wakampisha. Yeye hakufungua dirisha, asije akasikika anavyoongea.

Bati za ND bado anazo, nyuma ya friji.