Ugomvi wa Walowezi na Reli ya Mgunda Mkali

Garimoshi linalotoka Dodoma likishapita Saranda huanza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa, na kwa mwendo ule wa taratibu abiria anapata nafasi ya kutazama miamba iliyochongwa kwa mikono ya babu zetu. Mlima ukiisha umefika Manyoni, kisha Itigi na vichaka vyake, kisha ile nyika ambayo wapagazi wa Bagamoyo waliiita Mgunda Mkali kwa jinsi ilivyowatesa kwa kiu. Nimezaliwa kambi ya reli Itigi, baba yangu akiwa fundi wa njia, na nimefundisha historia katika mkoa huu wa Singida mpaka nikastaafu. Wanafunzi wangu wote walijua kwamba Mjerumani ndiye aliyejenga reli hii. Walichoshangaa kusikia ni kwamba Wajerumani wenyewe waligombana juu yake, na kwamba wenye mashamba wa Usambara hawakuitaka ifike kwetu.

Ugomvi huo ulianza baada ya Vita vya Maji Maji. Mwaka 1906 Berlin ilimleta Albrecht von Rechenberg kuwa gavana. Alikuwa amewahi kuwa konsuli Unguja, alijua Kiswahili, na alikuta nchi ya kusini imeteketea. Bunge la Berlin lilikuwa limechoka kulipia vita vya makoloni, na wabunge kama Matthias Erzberger walikuwa wakiyaanika hadharani maovu ya watawala wa huko. Rechenberg akapiga hesabu yake. Watu wa kusini walikuwa wameinuka kwa sababu ya kulimishwa pamba kwa nguvu, kodi na manyanyaso. Lakini kule Mwanza, tangu reli ya Uganda ifike ziwani Kisumu mwaka 1901, wakulima walikuwa wakiuza mazao yao bila kusukumwa na askari. Basi, alisema, tupeleke reli katikati ya nchi mpaka Tabora, Mnyamwezi na Msukuma walime karanga na mpunga kwao, serikali ipate kodi na ushuru kwa amani. Waziri wake wa makoloni, Bernhard Dernburg, aliyekuwa mtu wa benki, aliielewa hesabu hiyo mara moja.

Walowezi waliielewa pia, na ndiyo maana iliwakasirisha. Mashamba yao ya mkonge, mpira na kahawa yalikuwa Tanga, Usambara na Kilimanjaro, na ardhi bila watu wa kuilima haikuwafaa kitu. Watu hao walitoka bara: Wanyamwezi, Wasukuma, na baadaye Wanyaturu na Wanyiramba wetu. Mtu akiweza kupata rupia za kodi kwa kuuza gunia la karanga kwenye stesheni ya kwao, atembee mpaka Tanga kutafuta nini? Kwa hiyo walowezi walitaka fedha zote za reli ziende kwenye njia yao ya kaskazini, ipande mpaka Moshi. Hapo hapo walitaka serikali iwakamatie vibarua. Kule Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ulianzishwa mwaka 1907 utaratibu wa kadi ambao uliwabana Wasambaa: kila mwanamume amfanyie Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne, na asiyefanya apelekwe kazi za serikali. Hata hilo kwao halikutosha.

Mwaka huo huo wa 1907 Dernburg alikuja mwenyewe kuitazama koloni. Aliporudi Berlin aliwaeleza wabunge jinsi alivyochukizwa kuona Wazungu wanatembea barabarani na viboko mkononi. Alitoa amri za kuibana adhabu ya kuchapwa, ile ambayo wazee wetu waliiita hamsa ishirini. Februari 1909 ikatoka sheria ya kazi: mikataba ikapewa masharti, na wakala wa kuandikisha vibarua akatakiwa awe na leseni. Kwa macho ya leo ni mambo madogo sana. Magazeti ya walowezi, Usambara-Post la Tanga na Deutsch-Ostafrikanische Zeitung la Dar es Salaam, yaliwaka moto. Gavana aliitwa adui wa Wazungu, na mashambulizi yakafika mpaka kwenye maisha yake binafsi. Walowezi wakadai wingi wa viti katika baraza la gavana na usemi juu ya bajeti.

Dai hilo la bajeti ndilo ninalotaka msomaji alitafakari. Fungu kubwa la fedha za koloni lilitoka kwenye kodi ya kibanda, rupia 3 kwa kila nyumba ya Mwafrika. Mlowezi alipolalamika kwamba Berlin inatawala kutoka mbali bila kumsikiliza, alikuwa anaomba kukabidhiwa mfuko uliojazwa na mama zetu waliouza mbuzi na uwele ili nyumba isichomwe. Alitaka uhuru wa kuwatawala wengine karibu zaidi. Sioni namna nyingine ya kulieleza jambo hili kwa haki.

Wala mambo haya hayakuwa ya Wajerumani peke yao. Machi 1908, wakati Usambara inachemka, walowezi wa Kiingereza Nairobi waliandamana hadi nyumbani kwa gavana wao, Lord Delamere akiwa mbele, wakimtaka ajiuzulu. Sababu ilikuwa ile ile: sheria za vibarua. Nyuma zaidi, mwaka 1763, mfalme wa Uingereza aliwakataza walowezi wa Marekani kuvuka milima ya Appalachia kwenda kuchukua ardhi za wenyeji. Watoto wetu shuleni wanakariri kodi ya stempu na chai iliyomwagwa bandarini Boston kama sababu za walowezi hao kumwasi mfalme, lakini katazo lile la ardhi, ambalo liliwaudhi wengi, hutajwa kwa haraka kama lipo kabisa.

Naomba nisieleweke kwamba Rechenberg alikuwa rafiki yetu. Alipokuwa gavana, mwaka 1908, Unyaturu ulitikiswa na upinzani uliozimwa kwa bunduki. Huo ndio wakati wa Liti Kidanka, mwanamke ambaye wazee wanasimulia aliwatimua askari kwa nyuki, na ambaye jina lake limepewa uwanja wetu wa mpira mjini Singida. Boma la Kilimatinde na boma la Mkalama hayakujengwa ili kununua karanga. Berlin na walowezi waligombania njia ya kututumia. Kwamba tutumiwe, hilo walikubaliana.

Mwisho wake kila upande ulipata chake. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Manyoni na Itigi, ikaingia Tabora mwaka 1912. Kilimatinde, iliyokuwa kituo kikubwa cha barabara ya misafara, ikaachwa pembeni, na baadaye ofisi zikahamia Manyoni. Walowezi nao wakapata njia yao ya Moshi, kisha mwaka 1912 wakapata gavana mpya, Heinrich Schnee, aliyewasikiliza zaidi. Karanga za ndoto ya Rechenberg hazikuwatajirisha watu wa kwetu. Wakati wa Mwingereza, babu yangu mzaa baba alipanda gari Manyoni akaenda kukata mkonge Tanga kama manamba. Njia iliyopingwa na wenye mashamba ikaishia kuwapelekea watu.

Mwingereza naye alirithi ugomvi. Mwaka 1925 Delamere aliwakusanya walowezi Tukuyu kupanga namna ya kuziunganisha nchi hizi chini ya mikono yao. Gavana Donald Cameron alipinga muungano huo, akisaidiwa na ukweli kwamba Tanganyika ilikuwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa na haikuwa koloni la kawaida. Wenyeji hatukuwa na kiti katika baraza lake la kutunga sheria.

Nilikuwa kidato cha kwanza Novemba 1965, Ian Smith na walowezi wake walipojitangazia uhuru Rhodesia kwa sababu London ilitaka njia iachwe wazi kwa utawala wa walio wengi. Baba na mafundi wenzake walijaa mbele ya redio pale kambini. Safari hii kulikuwa na serikali yetu kwenye ugomvi. Mwalimu Nyerere na nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliitaka Uingereza iuangushe utawala wa Smith, na iliposhindwa, tarehe 15 Desemba Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na London. Uingereza ikazuia mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeahidiwa nchi yetu. Baba alilijua hilo, na alisema ni sawa.