Lodwar si mbali, iliwekwa mbali

Wasee, ndege ya Nairobi kuja Lodwar ni kama saa moja na nusu tu. Lakini 1959 Mwingereza alimtoa Kenyatta Lokitaung akamleta hapa, akijua jangwa lenyewe ni ukuta wa jela. Halafu 1992, Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa, ikapokea vijana wa Sudan waliokuwa wametembea mpaka Ethiopia, vita vikawafukuza tena. Miaka baadaye, maelfu yao walipanda ndege wakaenda Marekani. Mimi niliacha chuo Nairobi, nauli ya basi ikinimaliza kila muhula. Sasa niambieni: umbali tunapima kwa kilomita, ama kwa nani amefunguliwa njia?