Maneno ya Hesabu na Wingi wa Vitu

Kuelewa maneno ya hesabu ni uwezo wa akili wa kuoanisha jina la namba na wingi unaoonekana. Karafuu tatu mkekani jicho huzitambua papo hapo; zikizidi nne, mtu hukisia au huhesabu moja moja.

Mtoto mdogo wa Wete, Pemba, aweza kughani moja hadi kumi bila kukosea, kisha akiombwa karafuu tatu akatoa konzi nzima! Tafiti za Karen Wynn, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, zilionyesha kwamba watoto huelewa kwanza moja, halafu mbili, halafu tatu, kwa miezi mingi. Ndipo hung'amua kuwa neno la mwisho la kuhesabu ndilo jumla.

Lakini wingi mkubwa, usiohesabiwa moja moja, huhitaji kipimo. Mchumaji karafuu Pemba hulipwa kwa pishi, yaani vibaba vinne. Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) hununua karafuu kavu kwa kilo.